Mrija wa Kaka

Jumatano, Nyamiaga

Bado inanisumbua. Leo nilikuwa nafundisha ishara zinazojirudia katika tamthiliya. Chungu cha pombe ya ndizi, ambacho wahusika hunywa pamoja kwa mirija, kinarudi kila onyesho, nikawaambia wanafunzi kinawakilisha umoja.

Editha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona yule mjomba kwenye tamthiliya kila mara anakuja na mrija wake? Kwetu Murukulazo, anayefanya hivyo anaogopa kuwekewa sumu kwenye mirija ya wenyeji."

Nikakubali. Dhamira ni kutoaminiana. Darasa likaandika, mimi nikamkumbuka kaka.

Jumapili kaka yangu alikuja kunywa kwangu na mrija wake mfukoni. Nilidhani ni mambo ya usafi. Hata Pasaka alikuja nao.

Kama ananiogopa, sijui ni tangu lini.