Karatasi ya Mujuni

Rubafu, 19 Februari 1945

Kaka yangu Datius,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Rubya, wewe na wanafunzi wako. Sisi tu wazima wa mwili tu. Jana tarishi ametuletea karatasi ya jeshi kuhusu mume wangu Mujuni, aliye vitani Burma. Ni ya Kiingereza. Tarishi alitambua neno moja, *missing*, na maana yake haijui. Wazee wa ukoo wanasema amekufa. Wanataka ninyoe nywele, na wao wazike kigogo cha mgomba badala ya mwili. Mama mkwe, Kokubanza, amekataa mpaka neno hilo lijulikane. Nimeiweka karatasi humu. Wewe ndiye msomi wetu, nisomee.

Dada yako,
Alistidia

Rubya, 2 Machi 1945

Dada mpendwa,

Poleni sana. Mimi sijambo, ila chakula hakipiti. Nimelitafuta neno katika kamusi ya shule. Asili yake ni kukosa: mwindaji akitupa mkuki usimpate mnyama, Waingereza hulitumia. Jeshini ni askari ambaye hakuonekana wenzake walipohesabiwa. Si neno la kifo. Usinyoe. Karatasi nakurudishia, itunze.

Kaka yako,
Datius

Rubafu, 10 Desemba 1945

Kaka,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Vita vimekwisha na askari wameanza kurudi. Kila tukipakua ndizi, mama mkwe humtengea Mujuni fungu lake kwenye jani, na hataki mtu aliguse. Majirani wanatucheka. Neno lile hungojwa mpaka lini? Nijibu.

Dada yako,
Alistidia

Rubafu, 4 Mei 1947

Kaka Datius,

Hujambo? Sisi tumepungua. Mama mkwe alifariki mwezi wa tatu, uso kaelekeza mlangoni, hajamlilia mwanawe hata siku moja.

Baada ya matanga nilikwenda na karatasi Miembeni, dukani kwa Mulji, Mhindi ajuaye Kiingereza. Aliisoma, akanivutia kigoda kwanza. "Mama," akasema, "hapa kuna maneno matatu: *missing, believed killed*. Hajulikani alipo. Inaaminika ameuawa."

Ulinifafanulia moja, ukaficha mawili. Najua ulinihurumia. Lakini yule mama angelia angali na nguvu, nami ningelia naye. Nimelia peke yangu, na hasira yangu kwako haijaisha.

Jumamosi tumezika kigogo kando ya kaburi la mama mkwe. Nimenyoa. Fungu la Mujuni amekula mwanetu Kaijage.

Ikija barua nyingine ya Kiingereza, nitampelekea Mulji. Yeye si ndugu yangu, atanisomea yote.

Dada yako,
Alistidia