Jina la Mjerumani Nililifuta Mimi

Shangazi yangu mpendwa,

Nakujua, wewe barua huisomi umekaa. Utasimama hapo mlangoni pa duka, miwani imeshuka puani, na utakuwa umeshaniita majina kabla hujafika aya ya pili. Leo naomba ukae. Vuta kile kiti cha wateja, anayeuliza bei mwambie asubiri, maana nina jambo la kukiri na nina ombi, na yote mawili yanakuhusu wewe na yule Mjerumani wako.

Barua hii nimeiacha wazi, waisome na wengine, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Nilikusingizia mbele za watu, basi na kukusafisha nitakusafisha mbele za watu. Miaka mitatu sasa unaamini kwamba kichwa chako kimeanza kukuacha. Umeacha kusafiri. Juzi Mama ameniambia umekataa hata kusoma somo kanisani, eti usije ukapotea katikati ya mstari. Shangazi, kichwa chako ni kizima. Mwenye kasoro siku ile nilikuwa mimi. Nitakueleza yote, ila niache nianzie mbali kidogo, maana ukianza kununa mapema hutaimaliza barua.

Unakumbuka safari yetu ya kwanza hapa Guangzhou, China, kununua bidhaa za duka? Mimi nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Uliniambia nisiogope, halafu wakati wa kupaa ukanishika mkono mpaka kucha zako zikaniachia alama. Tuliposhuka uwanja wa ndege wa Baiyun ulitangulia kwa mwendo wa mwenyeji, ukasema, "Nifuate mimi," na tukapanda metro ya upande usio wetu vituo sita vizima. Nilipokuuliza ukanijibu bila kupepesa macho, "Nilitaka uone mji." Nilicheka mpaka Wachina wakatupisha viti.

Wiki ile ile Mjerumani naye alikuwa ndiyo kwanza ametua Uingereza. Namwita Mjerumani kwa sababu jina lake refu halikuwahi kutoka vinywani mwetu likiwa zima. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, beki wa kati, mrefu, mwenye nywele ambazo hazikujua kitana. Tulimwona kwenye runinga ya ule mgahawa wa Waafrika karibu na barabara ya Zhanqian, Jumamosi jioni, kwenye zile mechi za mchana wa Uingereza ambazo huku zinaangukia wakati wa chakula. Mpira ulikuwa haukuhusu. Ulikuwa unahangaika na miba ya samaki. Dakika ya kumi ikapigwa krosi, Mjerumani akaruka, akaupiga kichwa, na mpira ukaingia wavuni kwake mwenyewe.

Mgahawa ulipasuka kwa kicheko. Njoroge, yule muuza viatu wa Nairobi, alipanda juu ya kiti. "Wueh! Huyu msee wamemtoa wapi? Arudishwe kwao na ndege ya leo leo!"

Wewe ukainua macho kutoka kwenye sahani. "Mbona anaomba mpira tena?" ukauliza. Na kweli, kijana alikuwa amenyoosha mkono, uso umemwiva, anaomba pasi, na wenzake wanamkwepa. Akaomba na kuomba mpaka wakampa.

"Huyu ni wa kwangu," ukasema. "Kaaibika mbele ya dunia nzima na hajajificha. Huyu ninamchukua."

"Mathe, chukua striker," Njoroge akakushauri. "Mabeki hawana story."

"Na wewe uza viatu visivyo na soli tuone utafika wapi."

Tangu jioni ile ukaitwa Mama Mjerumani, na jina likakukaa kuliko la kwako. Ulijifunza mpira wote kwa ajili ya mtu mmoja. Ulijua kuotea ni nini kabla ya waume wengi wa pale mgahawani, na refa akimwonyesha Mjerumani kadi ya njano ulikuwa unamsemesha refa Kichaga, lugha ambayo uliiweka akiba kwa mambo mazito.

Halafu ukamwingiza kwenye biashara. Jezi tulikuwa tukizinunua mgongo mtupu, na majina tukibandikiwa na yule fundi wa ghorofani kule soko la Zhanxi, Laoban Kofia. Laoban ndiyo bosi kwa Kichina, na kofia kwa sababu hatujawahi kukiona kichwa chake. Utaratibu wake ulikuwa karatasi moja tu: jina, namba, na idadi. Ukishamtumia orodha na mashine yake ya moto ikishabana, basi, herufi hazibanduki. Wateja wote waliandika washambuliaji. Wewe mstari wa mwisho ulikuwa wa Mjerumani, kila safari. Laoban Kofia alikuwa akifika hapo anatikisa mkono. "Mama, huyu meiyou! Hakuna mtu nunua!"

"Bandika, Laoban. Watu wake ninawajua mimi."

Na kweli ulikuwa unawajua. Arusha walikuja mmoja mmoja, kimya kimya: mlinzi wa benki, mwalimu wa hesabu, fundi magari aliyewahi kucheza namba tano ujanani. Walikuwa wanashika ile jezi na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna ya saizi yao. Hazikuwahi kubaki. Ulinifundisha kwamba hata beki ana watu wanaomtazama, na mpaka leo nanunua bidhaa kwa jicho hilo.

Msimu wa tatu alikuwa hakosi mechi. Msimu wa tano wakamvika kitambaa cha unahodha, nawe ukatununulia soda mgahawa mzima, pamoja na Wakongo wa meza ya nyuma waliokuwa hawajui tunasherehekea nini. Msimu wa nane goti likamwachia, akatolewa kwa machela, na hapo ndipo ulipotutia aibu ninayoicheka mpaka leo. Kwenye ule ushirika wetu wa Jumapili nyumbani Arusha, mchungaji alipouliza nani ana mgonjwa wa kuombewa, ulisimama. "Nina kijana wangu yuko Uingereza. Amepasuliwa goti." Watu walikuombea kwa machozi. Wakakuuliza anaendeleaje, wiki hadi wiki, mwaka mzima. Mama mmoja wa Mombasa, Mwislamu kabisa, alikuletea mafuta ya kuchulia umpelekee. Hukuwahi kuwaambia kwamba ni mchezaji wa kwenye runinga. Uliyapokea mafuta ukamshukuru.

Sasa nafika, Shangazi. Usisimame.

Alipopona walimweka benchi. Ule ndio msimu ambao maveterani wa mtaani kwetu walikuwa na bonanza lao, na nahodha wao, Mzee Lema, beki mstaafu mwenye goti bovu, akakuomba jezi za timu nzima, zote mgongoni jina la Mjerumani. Ulifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Tulipofika huku uliandika orodha kwa mkono wako, ukanipa niichape kwenye simu nimtumie Laoban Kofia, ukaenda kutafuta viatu. Nikabaki na ile karatasi. Nikawaza: huyu mtu hajacheza miezi minne, Shangazi amezama kwenye mapenzi, atatutia hasara. Palikuwa na mshambuliaji wa timu ile ile aliyekuwa anafunga kila wiki. Nikafuta jina la Mjerumani, nikaandika la mshambuliaji, nikatuma. Nilijiona mjanja. Nilidhani utanishukuru.

Mzigo ulikuwa bado uko njiani mshambuliaji alipohamia kwa mahasimu wao.

Siku ya kufungua mzigo dukani unaikumbuka, najua. Maveterani wamejaa mpaka barazani, Mzee Lema amenyoa ndevu kwa ajili ya picha. Akaitoa jezi ya kwanza, akaigeuza, akaishika kwa vidole viwili. "Mama, huyu si ndiye amekwenda kwa maadui?" Watu wote wakakutazama wewe. Wewe ukanitazama mimi.

Nikasema, "Shangazi, si wewe ulisema tubadilishe? Siku ile Zhanxi. Uliniambia mwenyewe."

"Mimi?"

"Ndiyo. Umesahau?"

Niliyasema hayo na karatasi yako iko ndani ya pochi yangu. Uligusa paji la uso. Ukawaambia, "Nisameheni, wazee wangu. Ni kichwa changu." Na mimi nilijua unawaza nini. Nilijua unamwaza Bibi, aliyeanza kwa kusahau sufuria jikoni na kumaliza kwa kukuita wewe mwanawe "dada". Niliiona hofu ikikuingia usoni, na neno moja tu langu lingeitoa. Nilinyamaza. Jioni nikakaa mezani kwako nikala. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Wazee wenyewe walikuwa na moyo. Walizigeuza jezi ndani nje, wakacheza hivyo hivyo huku nyuzi zinaning'inia, wakashinda, na Mzee Lema akatangaza kwamba huo ndio mtindo mpya kutoka China. Wote walicheka, hata wewe. Lakini safari ya China iliyofuata hukuja, ulisema goti linakuuma. Iliyofuata ukasema macho. Ya tatu hukutoa sababu, ukanikabidhi daftari la namba za mafundi na kuniambia, "Nenda wewe, bado una akili." Nililipokea.

Wiki iliyopita nilikupigia kukuambia kwamba Mjerumani anastaafu. Nikasema, masikini, na lile goti lake la kulia. Ukanikatiza hapo hapo. "La kushoto. Siku ya mvua, kabla ya mapumziko, alikuwa anamfuata yule winga mfupi. La kulia aliliumiza baadaye, mazoezini, akakaa nje wiki tatu." Ukaendelea. Ukanitajia mipira miwili aliyoiokoa kwenye mstari siku ya nusu fainali, na ni mguu gani. Ukanitajia timu ile ndogo ya daraja la pili iliyomchukua wakati hakuna aliyemtaka, na kwamba alikubali kwenda kucheza mbele ya watu wachache kwa sababu alitaka tu kucheza. Miaka kumi na mitatu ya mtu, Shangazi, uliimimina bila kuvuta pumzi. Kisha ukamalizia, "Lakini usinitegemee sana, kichwa changu unakijua." Nilikata simu nikakaa chini kwenye ngazi za soko.

Jumamosi ikaja mechi yake ya mwisho. Mgahawa ulijaa. Walimwingiza zimebaki dakika tano, ndevu zimeanza mvi, nywele zile zile. Akagusa mpira mara tatu. Mara ya mwisho aliupiga kichwa ukatoka nje, salama, na uwanja wote ukasimama, na sisi tukasimama, na hata yule Mchina anayeleta gesi akasimama. Tulipiga makofi na vijiko. Njoroge alikuwa analia waziwazi, akadai ni pilipili. Kisha akatazama huku na huku.

"Na Mathe yuko wapi? Leo si ndiyo siku yake? Ni mgonjwa ama?"

Kila mara nimekuwa nikijibu kwamba umepumzika. Safari hii sikulirudia. Nikasema, "Si mgonjwa. Yuko nyumbani kwa sababu yangu." Nikawaeleza wote, nimesimama, kuanzia karatasi mpaka pochi. Hakuna aliyenitukana, na hiyo ndiyo iliniumiza. Njoroge akafuta macho.

"Sasa sisi unatuambia tufanye nini nayo?" akasema. "Si umwambie yeye."

Basi ninakuambia. Karatasi yako ninayo mpaka leo. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wako ulioinama, ni jina la Mjerumani, herufi zote, bila kosa hata moja. Nimeipiga picha, Mama atakuonyesha. Mzee Lema naye nilimpigia jana nikamweleza; akauliza kama jezi za jina la Mjerumani bado zinaweza kubandikwa.

Zinaweza. Nilipanda ghorofani leo asubuhi nikamwambia Laoban Kofia nataka timu nzima, jina moja. Akatikisa mkono, akasema Mjerumani amestaafu, hakuna mtu nunua. Nikamwambia abandike, lakini akagoma. Anasema orodha hiyo haichukui kutoka kwangu. Aliyeizoea aje mwenyewe. Nimefurahi, sikutegemea. Kwa hiyo ombi langu ni hilo, Shangazi: uje. Mizigo nitabeba mimi, ngazi tutapanda taratibu, na hakuna atakayekuuliza kitu ambacho hukijui.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba ukasirike. Mpigie Mama, mpigie mchungaji, kisha nipigie mimi unigombeze vile unavyojua, kwa kila nililokufanyia tangu nikiwa mtoto, mwaka kwa mwaka, mahali kwa mahali, na nani alikuwepo akishuhudia. Usiruke hata moja. Nitakusikiliza mpaka mwisho, na ukimaliza utaona mwenyewe kwamba hujasahau kitu.

Mtoto wa kaka yako,
anayekupenda na aliyekukosea