Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Akheri, chini ya Mlima Meru

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua za huko Muheza? Huku mjukuu wako Eliya amenenepa mpaka mikono imepata mikunjo. Mimi nami ni mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu haraka, maana umeandika kwamba Mjomba atapanda gari moshi kuja kunichukua.

Mama, yale niliyokuandikia baada ya kujifungua hayakuwa uongo. Nilikuwa nalia bila kufiwa. Chakula kilinichukiza, na mtoto akilia nilimwangalia tu kama wa jirani. Mkweo alinipeleka zahanati mjini Arusha, nikapewa dawa ya chupa, chungu tupu, isinisaidie. Ndipo naye akaanza kusema afadhali nirudi kwetu.

Aliyekataa ni mama mkwe. Kila asubuhi aliniletea bakuli la maziwa ya mgando, akasimama mlangoni mpaka nimalize.

"Kunywa, mama Eliya. Tumbo lako limenuna, ndiyo maana na kichwa kimenuna."

Mimi mtu wa chai ya rangi, nilikunywa nimefumba macho. Lakini polepole nikaanza kupata usingizi, hata nikaanza kumchekesha mtoto.

Basi siku moja nikaona nami nisaidie kazi. Nikachukua kibuyu cha maziwa, cheusi ndani na kinanuka moshi, nikakisugua kwa sabuni ya mche na maji ya moto, kama ulivyonilea. Ungesikia ukelele!

"Wee mwanamke! Umekiosha kwa sabuni? Sasa maziwa yatagandaje humo?"

Kumbe wao husafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, na mgando kidogo unaobaki ndani ndio unaogandisha maziwa mapya. Yale tuliyotia yalioza. Tukampa mbwa, akanusa akaenda zake.

Tukakaa bila mgando, na ule uzito wangu ukarudi. Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Mama mkwe akatayarisha kibuyu kingine, ila mgando wa kuanzia ulikuwa kwa jirani, juu kabisa mlimani, na akasema mimi niliyeharibu ndimi nitakayekwenda kuomba. Sikuwa nimetoka uani tangu siku ile ya zahanati. Nikambeba Eliya mgongoni, nikapanda katikati ya migomba nikiteleza na kulia, lakini nilirudi nao.

Sasa kibuyu nakifukiza mwenyewe. Kama ni maziwa yaliyoniponya, au ni kule kupanda mlima, au ni huyu mama mkwe asiyebandua macho kwangu, sijui. Mkweo anacheka, anasema maziwa hayapandi kichwani. Mimi najua nikiyakosa nafsi inazama, nikiyanywa inainuka, basi nitayanywa.

Mama, nakukumbuka kila siku. Lakini hapa ndipo nilipoangukia na hapa ndipo ninapoinukia. Sitaki kuletwa kwako kama mzigo.

Nisalimie bibi mzaa baba, dada yangu Rehema na wanawe, na mama mchungaji aliyeniombea. Mjomba na aje, aone mwenyewe. Nitampikia loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwa mgando, na asinikunjie uso. Ila mwambie tikiti ya kurudi akate ya mtu mmoja.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Damari