Raba Mpya za Gari la Baba Yako

Kwako mwanangu wa kwanza,

Salamu nyingi sana kutoka kwa mama yako. U mzima? Mke wako na wale wajukuu zangu wakorofi hawajambo? Sisi tunapumua. Mgongo wangu ni ule ule, jino la nyuma nimeling'oa, sasa nyama naitazama tu. Anayeniandikia ni jirani yetu mshona nguo, yule anayemwendesha baba yako kila Jumapili. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe, mimi si bibi harusi.

Ningepiga simu, lakini nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya chumbani anaitika wa sebuleni. Nimekuja kusemea huku kwa jirani ili baba yako asisikie.

Zile raba za chini ya gari ulizotuma, za kuzuia vyuma visigongane, zilifika salama. Fundi alilala chini ya gari siku nzima. Za zamani zilitoka vipande vipande, kama biskuti iliyolowa chai, akasema gari hili lilikuwa linatembea kwa huruma ya Mungu. Halafu akaniambia mimi na jirani tukae ndani, eti raba hizi hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Lazima likanyage chini, libebe watu, ndipo nati zikazwe, la sivyo raba inajinyonga na kuchanika mapema. Basi tukakaa kama mabibi wakubwa, jirani anapunga mkono, na gari haliendi popote. Tulicheka mpaka fundi akatuomba tutulie! Baba yako alikuwa amelala. Nilitaka iwe furaha ya ghafla.

Jumapili tukamtoa. Mwanangu, gari lilitulia, mgongo hata haukushtuka. Nikageuka nimwone anavyofurahi, nikakuta ameshika mlango kwa mikono miwili. Akauliza tuko wapi. Jirani akamwambia tuko kwa kinyozi. Akasema mwongo wewe, kwa kinyozi kuna shimo, mbona halijagonga?

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu macho yake yazime, zile kelele za chini ndizo zilikuwa zinamwonyesha njia. Ngo moja, kwa kinyozi. Ngo-ngo, relini. Kwiiich ndefu, kona ya hospitali. Alikuwa anatutajia mji mzima, sisi tunadhani anabahatisha. Hakuuachia mlango mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hatoki. Nikimbembeleza anasema atoke aende wapi, gizani?

Nilimuuliza fundi kama anaweza kurudisha zile za zamani. Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa, akasema zile hazirudi, zilishakuwa unga.

Sasa sikiliza, usinikasirikie kabla sijamaliza. Baba yako aliuliza ni nani aliyetaka gari liguswe. Alikuwa amefura, mimi nikaogopa, nikasema ni wewe. Nikasema umetuma raba bila kutuuliza, ukalazimisha. Na unajua mwenyewe ni mimi niliyekulilia kwenye simu, mgongo, mgongo, tuma raba. Kwa hiyo ukipiga simu nikakuambia amelala, halali. Amekaa pale pale, anaikataa simu yako. Anasema mtoto aliyesomeshwa na gari lile lile lilipokuwa teksi yake ndiye aliyempofusha mara ya pili. Na mimi nasikia, nageuza sufuria. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Naanza kuongea, nakuta nimeuliza kama chai ina sukari.

Nisamehe, mwanangu. Nimekuchafua kwa baba yako kwa ajili ya

Ngoja. Jirani ameinua kalamu, ananikonyeza nitazame mlangoni.

Ni baba yako. Amekuja peke yake, amepapasa ukuta kutoka kwetu mpaka hapa, miguu peku. Sijui amesimama tangu neno gani. Nimemuuliza kama anataka kiti, uso ameugeuzia kwa jirani. Amemwambia jirani, si mimi, akuandikie kwamba Jumapili asubuhi simu iwekwe upande wake wa kulia, ataipokea mwenyewe. Kisha ameushika ukuta, anarudi. Nimetaka kumwongoza, ameuondoa mkono wake kwenye wangu.

Basi piga, mwanangu. Muongee ninyi wawili, mimi nitakaa nje. Wasalimie mke wako na watoto, waambie bibi yao anawakumbuka.

Ni mimi mama yako, na hiki hapa ndicho kidole gumba changu.