Ndara Mbili za Kulia: Kumkumbuka Mwalimu Kazungu Chonga

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu Agosti ile ya 1996 ulipotuacha midomo wazi. Leo tunazungumza nawe, na anayetaka kusikiliza asikilize.

Mchana uliwafundisha fizikia watoto wa watu. Jioni, hapa Ganjoni, ulirudi kwenye penzi lako: chembe ndogo kabisa za ulimwengu. Ulitueleza mezani, ugali ukipoa, Mama akinuna. Hukuona haya kuleta ndara zako kutoka mlangoni.

"Chembe nazo zina kushoto na kulia," ulisema. "Ya kushoto ikishikana na ya kulia, ndipo uzito hupatikana. Sasa kuna nguvu isiyozitendea sawa. Ikizifunga za kushoto tatu tatu, chembe mpya itabaki bila uzito, au ulinganifu unaoinyima uzito utavunjika?"

Wewe ulishikilia kwamba itabaki. Lakini kuna hesabu ambayo lazima ilingane kabla na baada ya kufungwa, na siku moja, baada ya miaka ya kuchora na kufuta, ikakataa. Tulidhani utalia. Ukacheka. "Nyevu, kilichovunjika ni ulinganifu, si mimi," ulimwambia Mama, ukaomba chai, ukaanza mfano mwingine. Huo hukuumaliza.

Ulipoondoka, binti yako Caroline aliapa harudi chuo kikuu. "Fizikia nimweleze nani sasa?" Mama alimbembeleza, Shangazi Tumu akamkaripia. Wapi!

Siku ya mwisho ya matanga, rafiki yako Mzee Gharib wa Kibokoni aliaga macho yamemlowa. Mlinunua ndara za aina moja, duka moja, mkabishana maisha nani kamuiga mwenziwe. Caroline alipofagia mlangoni alikuta ndara mbili, zote za kulia.

"Mama! Mzee Gharib kaondoka na za kushoto tupu!"

Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko kikawa kilio, kilio kikarudi kicheko. Kisha akazibeba hadi Kibokoni.

Mzee alikuwa barazani, ameinyoosha miguu. "Ndiyo maana nalikuwa nikikwama njia nzima," alisema. "Mimi nalidhani ni huzuni." Akazitazama. "Hebu nambia, mwanangu. Zikiwa za kushoto tupu, Mwalimu alisema zafanyaje?"

Caroline akakaa, akaeleza mpaka adhana ya magharibi. Mzee alisikiliza bila kukatiza.

"Sikufahamu hata moja," alisema mwishowe. "Nenda ukasome vyema, urudi unieleze tena."

Akaenda, Baba. Kila likizo hupita Kibokoni kwanza, ndipo aje nyumbani. Mama hunung'unika, ila humwekea Mzee mahamri.

Na juzi Caroline alikaa na ule mfano uliouacha. Tulisikia kiti kikianguka. Hesabu imelingana! Katika mfano wako, za kushoto zinaweza kufungwa tatu tatu na uzito zisiwe nao. Mwalimu wake ameikagua na kuikubali. Caroline alikimbia kumwambia Mzee, hata viatu hakuvaa.

Wanaokukumbuka: mkeo Nyevu, wanao Caroline na Kingi, dadako Tumu, na Mzee Gharib, ambaye bado anasema wewe ndiwe uliyemuiga.

Ndara zako ziko mlangoni, kushoto na kulia. Hatutakusahau daima dawamu.