Bawaba ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Vita rasmi! Shemeji — mume wa dada, Mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya kale — kaenda kwa Mama kunishtaki. Eti gari la marehemu baba linaharibika mikononi mwangu. Eti vipuri vya kuchonga nyumbani ni matusi kwa gari la umri ule. Mama kachoka na kelele zetu, kaamua: Jumapili Shemeji aje akague. Akikuta kipande hata kimoja nilichochonga mwenyewe, gari linahamia kwake. Asipokuta, aufyate.

Nimekubali papo hapo. Mimi! Mwenye mlango wa dereva unaoning'inia kwa bawaba moja, ya chini imekatika vipande viwili.

Yeye na "orijino" yake! Neno hilo nimelitandika gazetini makala tatu, bado linapumua. Kwani hiyo orijino ilishuka na mvua? Kuna mtu alishika tupa akaichonga!

Jumatano, 5 Machi

Jiliwa la kubania chuma nimelikaza kwenye meza ya jikoni. Mume wangu kauliza chai atanywea wapi. Barazani, nikamwambia, huku ndani pana mapinduzi.

Nimenakili bawaba nzima ya mlango wa abiria. Msumeno, tupa, keekee, nyundo — kutwa nzima. Kazi safi kabisa! Kwenda kuifunga kwa dereva, shingo imepinda kinyume. Nimenakili upande wa pili bila kuugeuza! Makala elfu za kuwafundisha watu kutazama mambo kwa upande wa pili, halafu hili.

Mume wangu kaja kutazama. "Kwa hiyo mlango utafungukia mapajani mwa dereva?" Safari hii barazani kaenda mwenyewe, kacheka huko mpaka jirani akauliza kuna nini.

Ijumaa, 7 Machi

Ya pili imekaa! Mlango haulegei tena. Unajifunga kwa kishindo kile kizito, kama baba karudi kutoka kazini. Nimeufunga na kuufungua bila sababu yoyote. Basi.

Ila bawaba inameta kama kijiko kipya. Siki, chumvi, juani mchana kutwa — kutu hiyo! Juu yake oili chafu ya injini. Sasa inaonekana ina wajukuu.

Halafu shetani kaninong'oneza. Bawaba ya juu, ya kiwandani kabisa, nimeisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka unaweza kujitazama. Bwana Mwenyekiti anajidai ananusa uzee kwa mbali. Anuse!

Mume wangu kaguna: "Mke wangu, wewe ukishashinda hutosheki." Wivu tu.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia bafuni. Nimetia komeo.

Shemeji kaja na tochi na glavu nyeupe. Glavu! Kaipapasa bawaba yangu yenye kutu, kafumba macho. "Tazameni hii. Mkono wa leo hauwezi." Nikajiuma shavu nisicheke. Makala ya nne ikawa inajiandika kichwani.

Kisha tochi ikapanda juu. "Na takataka hii inayong'aa, kaichonga nani?" Kamgeukia Mama. "Kipande cha nyumbani hiki hapa, Mama. Naomba funguo."

Lo! Nikibisha, atataka ushahidi. Na ushahidi ninao mmoja tu: ile iliyomfumba macho ndiyo yangu. Nikinyamaza, gari linaondoka. Nikisema, gari linaondoka — ila Shemeji namzika hadharani. Ulimi unaniwasha!

Mama kampita. Kaufungua mlango wa dereva, kaufunga. Kaufungua tena, kaufunga, kasimama hapo kichwa kakiinamisha. Funguo kazirudisha mfukoni. Ndipo nikakimbilia huku.

Sasa anagonga. "Mwanangu, toka. Mlango ule haujalia hivyo tangu baba yako aondoke. Nani kaugusa?"

Nyuma yake Shemeji anamweleza kwamba huo ndio mlio wa kipuri halisi, Mama, hauigiziki.

"Wewe nyamaza kidogo," Mama kamwambia. "Namuuliza mwanangu."

Navuta komeo —