Gololi Yangu ya Kura

Basse, Juni 1960

Dada yangu Nyima,

Mvua imeanza. Nikiinama kupanda mpunga naona mawingu yakipita majini chini ya mikono yangu. Mwanangu ameota meno mawili.

Shemeji yako Yankuba ameshindwa uchaguzi. Alikuwa akiniambia, "Nikishinda tunahamia mjini Bathurst. Mashamba basi!"

Siku ya kura nilipewa gololi ya kupigia kura, nikaingia peke yangu penye mapipa mawili, la chama chake na la wapinzani. Nikaitumbukiza kwa wapinzani. Kengele ikalia ndani, laini kama ndotoni. Mapipa yote hulia sauti moja.

Jana alirudi shambani na jembe, amenyong'onyea.

"Angalau wewe, mke wangu, hukunitupa," akasema.

Nikamjibu, "Njoo ule, chakula kinapoa."

Mama asijue.

Mdogo wako,
Sirra